Barua ya wazi kwa wenye mikanda: marudiano yawekewe tarehe

Kwa viongozi wa WBC, WBA, IBF na WBO, vyama vinavyotoa mikanda ya ubingwa wa dunia wa ngumi, na kwa nyie mnaosimamia ngumi za kulipwa hapa Tanzania na kwa majirani zetu Kenya na Uganda.

Salaam kwenu. Naenda moja kwa moja kwenye hoja. Pambano la ubingwa likiisha kwa utata, majaji wamegawanyika na ukumbi mzima unabishana, aliyepoteza apewe marudiano yenye tarehe iliyowekwa na nyie wenye mkanda, iandikwe, isainiwe, na isisogezwesogezwe mpaka mtu azeeke. Kama bingwa hataki au hawezi, sawa, hakuna wa kumlazimisha mtu apigane, ila basi mkanda uende kwa utaratibu unaojulikana na yule aliyekuwa anasubiri awe wa kwanza kuitwa. Ndo hicho ninachoomba. Naeleza kwa nini.

Marvelous Marvin Hagler, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa kati, mnamjua wote, na nyie wa WBC mnamjua zaidi, maana mkanda wenu ndo uliokuwa unagombewa usiku ule wa tarehe 6 Aprili 1987 pale Caesars Palace, Las Vegas, alipopanda ulingoni na Sugar Ray Leonard. Wakati ule mlikuwa mnaongozwa na José Sulaimán na leo kwenye kiti kilekile amekaa mwanae Mauricio, kwa hiyo hii siyo habari ya watu baki, ni ya nyumbani kwenu kabisa.

Wadogo zetu wanaofuatilia ngumi kwenye simu wanamjua Hagler kwa zile dakika kama nane za mwaka 1985 alipomtwanga Thomas Hearns, na kweli hazina mfano, ila ya nyuma hawayajui. Huyu jamaa alizaliwa Newark, familia ikahamia Brockton, Massachusetts baada ya ghasia za 1967, akaanza ngumi za kulipwa 1973 na tangu hapo akawa ni mtu wa kuzungushwa. Alikuwa mashoto, anapiga kama hataki kesho ifike, hana promota mkubwa wa kumbeba, mabingwa wakawa wanamkwepa mchana kweupe. Pambano lake la kwanza la ubingwa lilikuwa ni pambano lake la 50. Hamsini jamani! Na hata hilo lilipatikana baada ya wanasiasa wa jimbo lake, akina Ted Kennedy na Tip O'Neill, kuingia kati na kumsemea kwa mapromota. Novemba 1979 akapigana na Vito Antuofermo raundi zote 15, watu wengi wakaona kashinda, majaji wakasema droo, na droo maana yake bingwa anaondoka na mkanda wake. Marudiano hakupewa. Antuofermo akaenda kuupoteza kwa Alan Minter wa Uingereza, wakarudiana wao kwa wao, Hagler yuko pembeni anaangalia. Septemba 1980 ndo akaingia Wembley, akammaliza Minter raundi ya 3, na mashabiki wakaanza kurusha chupa na makopo mpaka watu wa kona yake wakamfunika kwa miili yao. Hivyo ndivyo alivyoupata ubingwa, hakuna aliyempa mkononi.

Sasa angalieni alivyokuwa bingwa alifanyaje. Antuofermo, yuleyule wa droo, alipewa nafasi 1981 pale Boston. Fulgencio Obelmejias alipewa mara mbili. Mustafa Hamsho mara mbili. Na tukirudi kwenye rekodi yake, mapambano 67, ushindi 62 na 52 kati ya hizo ni KO, kapoteza 3, droo 2, na hapa ndipo naomba mtulie kidogo. Alipoteza kwa Bobby Watts 1976, akaja kumrudia 1980 akammaliza. Alipoteza kwa Willie Monroe mwaka huohuo 1976, akarudiana naye 1977 na kumpiga, siyo mara moja, mara mbili. Droo na Ray Seales ililipwa, droo na Antuofermo ililipwa. Yaani kila doa lililowahi kuingia kwenye rekodi ya huyu mtu alirudi kulifuta mwenyewe kwa mikono yake, isipokuwa moja tu, la mwisho, na hilo hakulifuta kwa sababu hakupewa nafasi.

Leonard alikuwa ametundika glovu. Jicho lake lilifanyiwa upasuaji wa retina 1982, akarudi 1984 kwa pambano moja, akaondoka tena. Machi 1986 alikuwa amekaa pembeni ya ulingo akimwangalia Hagler akihangaika na John Mugabi, yule Mganda wetu aliyechukua medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980 na ambaye kila aliyepigana naye kwenye ngumi za kulipwa mpaka siku hiyo alikuwa hajamaliza raundi. Mugabi alimchosha Hagler kweli, mpaka raundi ya 11 ndo Mugabi akaanguka. Leonard akaona pale kwamba bingwa ameanza kuchoka, akatangaza anarudi. Nitaje na hili kwa haki, pambano la Mugabi lenyewe lilikuwa lipigwe Novemba 1985, Hagler akaumia mgongo, likasogezwa, tarehe mpya ikatajwa, ikafika, wakapigana. Kuahirisha kwa namna hiyo hakuna mtu anayekulalamikia, mwili ni mwili.

Leonard akaja na masharti. Raundi 12 badala ya 15, ulingo mkubwa ili apate pa kukimbilia, glovu za wakia 10. Hagler akakubali yote akachukua hela kubwa zaidi, dola milioni 12 za uhakika, kwa hiyo wala siji hapa kumlilia kana kwamba alidhulumiwa mkataba. WBA nyie mlikuwa mmeshamvua mkanda wenu kwa sababu alimchagua Leonard badala ya Herol Graham, mpinzani wenu wa lazima, yaani yule mliyeagiza bingwa apigane naye, na mkanda wa IBF nao haukuwepo ulingoni, ukabaki wa WBC.

Pambano lenyewe mmeliona, nami nimelirudia mara nyingi mno. Hagler raundi za mwanzo akaacha ushoto wake akapigana kama watu wengine, mpaka leo wataalamu wanaumiza kichwa kwa nini, na Leonard akachukua zile raundi bila jasho. Kuanzia ya 5 Hagler akaanza kufika, akampiga apakati moja, ngumi ya kutoka chini, iliyomtikisa Leonard, na raundi ya 9 ile walipigana kwenye kona mpaka huoni mikono. Ujanja wa Leonard ulikuwa sekunde 30 za mwisho wa kila raundi, kona yake inampigia kelele muda umefika, anamwaga ngumi nyingi nyepesi, ukumbi unalipuka, na jaji anaandika alichokisikia mwisho. Ni ujanja halali. Matokeo: Lou Filippo 115-113 Hagler, Dave Moretti 115-113 Leonard, na José Juan Guerra 118-110 Leonard. Yaani jaji mmoja kaona Hagler kashinda raundi 2 tu katika 12. Na Guerra aliingia nafasi ya Harry Gibbs wa Uingereza, ambaye kambi ya Hagler yenyewe ndo ilimkataa, na Gibbs baadaye akasema yeye angempa Hagler. Inauma hiyo.

Binafsi naona Leonard alishinda kwa pointi 1, sibishani na mtu. Hoja yangu siyo nani alishinda. Hoja yangu ni kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba Mei 1987, hata miezi miwili haijaisha, Leonard akasema anastaafu tena. Haki yake, na kwa jicho lile nani atamlaumu. Mkanda ukabaki wazi, Hearns akaja kuuchukua Oktoba kwa kumpiga Juan Roldán. Hagler akawa anasubiri. Anasubiri kitu gani? Neno. Minong'ono kwamba Leonard anaweza kurudi, kwamba hela inatafutwa, kwamba labda mwakani. Hakukuwa na barua ya WBC yenye tarehe wala agizo, hakuna kitu alichoshika mkononi. Miezi ikaenda zaidi ya mwaka, na mtu ana miaka 34, na Juni 1988 akasema basi. Akatundika glovu, akahamia Italia kucheza filamu, na hakurudi ulingoni kamwe mpaka alipofariki Machi 2021 akiwa na miaka 66.

Na miezi mitano tu baada ya Hagler kuondoka, Novemba 1988, Leonard akarudi. Akapigana na Donny Lalonde, na nyie WBC mkaweka mikanda miwili ya uzito wa aina mbili kwenye pambano moja usiku mmoja. Kwa hiyo uwezo wa kupanga mambo makubwa mlikuwa nao, nia ndo ilichagua pa kwenda. Halafu Leonard huyohuyo alipopigwa na Roberto Durán Juni 1980 pale Montreal, marudiano yake yalipatikana Novemba mwaka uleule, miezi mitano. Mmoja miezi mitano, mwingine anasubiri mpaka anakata tamaa, kwa sababu mmoja alikuwa na hela na kamera nyuma yake. Baadaye ikasemekana Hagler aliitwa 1990 kwa mamilioni mengi akakataa. Mimi namwelewa kabisa. Ilikuwa imeshapita.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tusogee. Kuna Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, mtoto wa Katanga aliyekwenda kuishi Italia, ambaye watu wetu hawamtaji kabisa na wanapaswa kumtaja. Ndiye aliyeuchukua ule mkanda wa WBA aliovuliwa Hagler, Oktoba 1987, kwa kumshinda Iran Barkley. Machi 1988 akampiga Mike McCallum kwa pointi, McCallum hakuwa amewahi kupoteza. Marudiano yao yalikuja lini? Aprili 1991, Monte Carlo. Miaka mitatu! Na hapo katikati Kalambay alikuwa ameshavuliwa mkanda wa WBA kwenye makaratasi kwa sababu alitaka kupigana na bingwa wa IBF, Michael Nunn. Mtu anataka kupigana na bingwa mwenzake ajulikane mkubwa ni nani, mnamwadhibu.

Mnataka ya karibu zaidi? Novemba 2015 Düsseldorf, Tyson Fury kampiga Wladimir Klitschko, mkataba una kipengele cha marudiano, na siku chache tu baadaye IBF mkamvua Fury mkanda wenu kwa sababu anaenda kwenye marudiano badala ya mpinzani wenu wa lazima. Yaani mtu anatimiza mkataba alioweka saini, ananyang'anywa! Marudiano yakapangwa Julai 2016, yakaahirishwa, Oktoba 2016, yakafa. Klitschko alikuwa ameshafika miaka 40. Akaja kupigana na Anthony Joshua Aprili 2017 mbele ya watu kama 90,000, akapigwa raundi ya 11, na Agosti mwaka huo akastaafu.

Na Gennady Golovkin wa Kazakhstan. Septemba 2017 alipigana na Canelo Álvarez wa Mexico, jaji Adalaide Byrd kaandika 118-110 Canelo, namba ileile ya Guerra miaka 30 kabla yake, na Dave Moretti akiwa mmoja wa majaji tena. Droo. Marudiano yakawekwa Mei 2018, Canelo akakutwa na dawa iliyokatazwa, yakasogea mpaka Septemba. Pambano la tatu likaja 2022, Golovkin ana miaka 40. Kila mwaka unaopita faida inaenda kwa mdogo, na wote mnajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Sasa nawageukia nyie wa huku nyumbani, maana nikiongea na wakubwa wa Mexico na Marekani peke yao nitakuwa nimewakwepa.

Jimu ninayoshinda jioni, nashika pedi na kufunga vijana bandeji, kulikuwa na kaka yetu mmoja, mkongwe, siwezi kumtaja jina. Kapoteza pambano la mkanda kwa pointi za kubishaniwa, mwandaaji akasema pale pale marudiano yapo. Huyu bwana anaendesha bodaboda siyo yake. Akiingia kambini inabidi amwachie dogo pikipiki, na hesabu ya tajiri iko palepale kila jioni, dogo akikosa abiria anayelipa ni yeye. Anakimbia alfajiri amevaa nailoni ndani na sweta mbili juu, anashusha kilo, ugali kaacha, anakula mayai ya kuchemsha na maji ya kupimwa. Anafika kwenye uzito, mabango yameshabandikwa, halafu simu inalia, ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, pambano limesogezwa mbele. Hakuna sababu wala senti. Anarudi kwenye bodaboda, anaongezeka kilo, tarehe mpya inatajwa, anaanza upya, na inasogezwa tena. Ilivyoendelea kusogezwa mimi nilianza kuona jebu lake, ile ngumi ya mkono wa mbele, halirudi usoni haraka kama zamani, pedi zinaniambia, mtu anayeshika pedi anajua kabla ya bondia mwenyewe kujua. Mwisho mpinzani akapata pambano nje ya nchi, akaondoka, na hakuna mtu hata mmoja aliyempigia kaka simu kumwambia imekufa. Alisikia kwa watu.

Hakufanyiwa sherehe ya kuagwa. Alikuja tu jimu siku moja akawagawia vijana vifaa vyake.

Mnaposikia bondia kastaafu mnafikiri kapigwa akachoka. Wengine hawajapigwa na mtu, wamechoshwa na kalenda. Kila kambi inakula kitu mwilini, kushusha kilo kunakula, sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, zinakula, na mtu wa miaka 35 hana kambi nyingi zilizobaki, ukimchezea tatu umechukua miaka yake yote iliyokuwa imebaki. Mpira wakiahirisha mechi mchezaji analipwa mshahara wake mwisho wa mwezi. Bondia asipopanda ulingoni hana kitu, hata kama amejiandaa miezi miwili.

Kwa hiyo ninachotaka mfanye ni hiki, na wala hakihitaji fundi. Kwa nyie wa mikanda mikubwa, pambano la ubingwa majaji wakigawanyika, agizeni marudiano ndani ya mwaka mmoja kwa barua inayowekwa hadharani, na bingwa akistaafu au akihama uzito kabla ya hapo, huyo aliyekuwa anasubiri aingie moja kwa moja kwenye pambano la mkanda ulioachwa wazi bila kuanza kupanga foleni. Mtu aliyeagizwa marudiano asivuliwe mkanda eti kwa kuwa kamtanguliza mpinzani wa mkataba wake. Kaeni vikao vya pamoja hata mara moja kwa mwaka mlinganishe wapinzani wenu wa lazima, maana IBF ikivuta huku na WBA kule anayechanika ni bondia. Na jaji akitoa 118-110 kwenye pambano ambalo mwenzake kampa mwingine, aitwe aeleze raundi kwa raundi, hadharani. Kama ana sababu atazisema na tutamheshimu.

Kuahirisha kwa ugonjwa au kuumia kuruhusiwe, ila kwa ripoti ya daktari aliyechaguliwa na kamisheni, siyo daktari wa kambi, na tarehe mpya itajwe siku hiyohiyo. Ikisogezwa mara ya pili, anayesababisha alipe gharama za kambi ya mwenzake.

Kwa kamisheni zetu naongeza moja, na hili ndo kubwa kwangu. Mwandaaji kabla hajabandika bango hata moja aweke kwenu sehemu ya malipo ya mabondia wote wawili, ikae kwenye akaunti, pambano likifa hiyo hela inaenda kwa bondia aliyekuwa tayari. Najua mtaambiwa mkifanya hivyo waandaaji watakimbia na mapambano yatapungua. Yapungue. Bora mapambano machache yanayopigwa kuliko mabango mengi yanayochanika ukutani. Na iwe ni kazi ya kamisheni kumpigia bondia simu na kumwandikia pambano likifutwa, asisikie kwa abiria wake.

Hasim Rahman na Vitali Klitschko, kaka yake Wladimir, walipangiwa pambano la mkanda wa WBC mwaka 2005 tarehe nne tofauti mwaka mmoja, na siku chache kabla ya ile ya mwisho ya Novemba, Vitali akaumia goti akastaafu. WBC mkampa Rahman ubingwa. Sikutaja kwa ubaya, nimetaja kwa sababu inaonyesha kwamba anayesubiri anaweza kutambuliwa, mmeshawahi kufanya, kwa hiyo msiniambie kanuni hazina nafasi.

Mnakutana kila mwaka kwenye mikutano yenu mikuu, mnazungumzia mikanda mipya na uzito mpya. Naomba mkutano ujao mlete hili la marudiano lipigiwe kura, na nyie wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala msisubiri wakubwa, hela ya kambi kukaa kwenye akaunti mnaweza kuianza msimu huu huu kwa agizo la ukurasa mmoja. Nawasubiri mjibu, hata kama jibu ni hapana mniandikie kwa nini, na nitalibandika jimu vijana walisome.

Wenu,
Mshika pedi, Dar es Salaam